Maneno ya Kapteni Kizimbani

Garrabin, Queensland
6 Machi 1983

Lindsay, mume wangu wa uzeeni,

Marahaba, hata kama hukuniamkia. Barua yako tumeipata, na nusu yake inaulizia kuku. Kuku hawajambo. Na sisi hatujambo, kama bado unawajali viumbe wasiotaga. Mvua imenyesha mpaka godoro limeota ukungu, mto umepanda hadi kwenye ngazi za nyuma, na chura mmoja amehamia chooni. Simfukuzi tena, tumeshazoeana. Jirani yetu Merv Stannard amenunua trekta jipya, anapita nalo mbele ya nyumba kutwa hata kama hana pa kwenda.

Mama yako hajambo. Ndiye anayeandika haya kama siku zote, maana mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ndoo za maziwa. Mimi nasema, yeye anaandika, na najua anayaosha maneno yangu kabla hajayaweka kwenye karatasi. Kimie, hili usilioshe.

Sasa hiyo sinema. Unasema umepata kazi kubwa, si ya mpishi wa Kichina tena, wala ya yule bwege wa tangazo la tambi. Sinema ya vita, ya mahakamani: askari wetu wanawahukumu Wajapani kwa waliyowafanyia mateka kule visiwani. Na wewe ndiye kapteni wa kambi. Umeandika kwamba ni "mtu mgumu kumwelewa". Mimi ni mzee, nirahisishie. Anawaua vijana wetu au hawaui?

Picha ya baba yako mkubwa Clarrie nimeipangusa leo asubuhi. Sisemi zaidi ya hapo.

Kula. Kwenye lile tangazo ulionekana kama ufagio.

Bibi yako,
Myrtle Tranter


Sydney
20 Machi 1983

Shikamoo Bibi. Mama, mkono wako nimeuona, shikamoo na wewe.

Mimi ni mzima. Bado napanga juu ya bucha, kwa hiyo naamka na sauti ya shoka kila siku. Nimenunua viatu. Nakula, Bibi, msumbue mwingine.

Anawaua. Naandika nikijua ni nani anakusomea, lakini ni afadhali mlisikie kwangu. Kambini kwake wanakufa kwa njaa na kwa kipigo, na kuna watatu anaoamuru wakatwe vichwa. Sinema inaanza vita vimekwisha. Mahakama yenyewe ni hema kubwa, majaji ni maafisa wetu, na wakili anayemtetea kapteni ni mtu wetu pia, anayemchukia mteja wake lakini anaifanya kazi yake. Ndiyo maana nikasema ni mgumu kumwelewa. Mwandishi hakutaka shetani wa katuni. Bibi, katika miaka yangu yote ya kazi hii hakuna aliyewahi kunipa mtu wa kucheza. Walinipa kofia na sinia.

Kapteni amesoma ng'ambo, kwa hiyo mara nyingi anasema Kiingereza. Lakini kuna sehemu anafoka kwa Kijapani. Siku ya majaribio mwongozaji, Bwana Fenner, aliniuliza kama nakijua. Nikamwambia nimekinyonya. Hawakuwa na mtu wa kunipima, wakaandika "anakijua" wakageuza ukurasa.

Sasa Mama, nakuomba. Kijapani nilicho nacho ni cha osha mikono, vua viatu, kula kabla hakijapoa. Niandikie maneno ya askari. Simameni mstari. Nyamaza. Mchukueni huyu. Namna mwanamume mwenye upanga anavyosema. Sihitaji mengi.

Wenu,
Lindsay


Garrabin
11 Aprili 1983

Mjukuu wangu,

Tunashukuru Mungu tuko wazima. Mvua imekata. Miwa imesimama vizuri, Merv anajisifu kana kwamba yeye ndiye aliyeivuta kutoka ardhini. Binti wa Bonaccorsi ameolewa, arusi ya Kitaliano, nimekula mpaka nikafungua kifungo mbele ya padri. Chura wa chooni ameleta mwenzake.

Kuhusu yale maneno. Nimemwambia mama yako ayaandike kwenye karatasi yake peke yake. Kalamu ikasimama. Nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, kalamu bado imesimama. Nikamwuliza, "Kimie, huyajui?" Akasema, "Hayo nilizoea kuyasikia, Mama. Sikuzoea kuyasema." Hilo ameliandika kwa kuwa nimemkazia macho.

Basi usimwulize tena.

Na mimi niseme langu. Nilizaa wana wawili. Mmoja hao jamaa walimrudishia Mungu akiwa mifupa, sina hata kaburi la kupalilia. Wa pili, baba yako, akaenda kulinda nchi yao baada ya vita na akarudi na mke wa kwao. Alby aliposhuka naye kwenye treni, mji mzima ulikuwa stesheni ukisubiri kuona Myrtle atafanya nini. Nilimbebea mzigo wake, nikamwambia nyumba iko huku. Sikuwa na hotuba. Sasa Alby naye amelala makaburini na yule niliyembebea mzigo ndiye ananikata kucha za miguu. Kwa hiyo hao Wajapani wa sinema yako siwajui. Ninaye mmoja tu, na ni wangu.

Tarehe ishirini na tano ni siku ya kuwakumbuka askari. Nitakwenda na ua langu kifuani. Mama yako anasema atabaki apige pasi, kama kila mwaka.

Cheza vizuri. Lakini usicheze vizuri sana.

Bibi


Sydney
29 Mei 1983

Shikamoo Bibi,

Natumaini maumivu ya goti yamepungua na vyura hawajaleta ukoo mzima. Mimi nimekonda, walitaka nikonde. Nywele zitaota.

Tumemaliza. Mama usijali, nilibahatisha. Mahali pa kufoka nilifoka sauti tu, na Bwana Fenner akasema inatisha.

Lakini kuna siku moja ninataka kuwasimulia. Hukumu inasomwa. Kapteni atanyongwa. Kwenye maandishi hasemi kitu, anainamisha kichwa basi. Tukapiga picha, tukarudia, hema lile lilikuwa kama tanuri, majaji wanatoka jasho ndani ya sare, na Fenner haridhiki. Mwisho akanijia, akaniwekea mkono shingoni, akasema, "Sema kitu. Kwa lugha yako. Chochote kinachotoka tumboni. Hatutakitafsiri, watu wakisikie hivyo hivyo."

Nilitafuta tusi, sikuwa nalo. Nikatafuta sala, sikuwa nayo. Kukatoka kitu kingine. Nilikisema polepole, nikimwangalia jaji, kisha sikumwona tena jaji.

Fundi wa sauti akavua vile vya masikioni. Fenner akanikumbatia mbele ya watu, akasema ndiyo hiyo, sinema ndiyo hiyo.

Bibi, usiniulize nilisema nini. Ikifika huko kwenu msiende kuiona kabla sijaja. Nitakuja, tutakaa safu moja, mimi katikati. Nipeni hilo tu.

Lindsay


Garrabin
4 Desemba 1983

Lindsay,

Usishtuke na mwandiko. Ni wa Delys Pascoe wa posta, ana mwandiko wa mviringo kama maandazi. Delys, andika na hilo.

Mimi sijambo. Mama yako hajambo. Kuku hawajambo. Kiwanda cha sukari kimemaliza msimu na majivu ya miwa hayaangukii tena nguo kwenye kamba. Kadi zako mbili zimefika, ile yenye picha ya daraja na ile nyingine yenye daraja lile lile. Mama yako hajambo.

Ulisema utakuja. Hukuja. Bango likabandikwa mlangoni mwa ukumbi, uso wako mzima umekunja ndita, na kila anayepita anasema huyo si Lindsay wa Alby? Ningewaambia nini, kwamba sisi tunasubiri? Bibi Stannard alikuja mwenyewe na tiketi, ametulipia.

Basi tumeiona. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Sisi walituweka mbele kwenye vile viti vya turubai vinavyokumeza. Mama yako alivaa gauni la bluu. Wakati wa mapumziko wakachezesha bahati nasibu ya sinia la nyama, akashinda Merv, si unajua. Watu wakamjia mama yako wakimpiga bega: "Kay, mwanao ni shetani haswa!" "Kay, nimemchukia yule mtoto mpaka nimesahau nilimfundisha kuogelea!" Walikuwa wanamsifu. Akawa anasema asante, asante.

Kisha sehemu ya pili. Wakasoma hukumu. Ukasema yale uliyosema. Ukumbi ukapasuka kwa vifijo. Mama yako akainuka akatoka. Mimi nilimfuata baadaye.

Mjini wanasema ulitulaani. Ulisema nini, Lindsay?

Krismasi usije kwanza. Nitakwambia lini.

Delys anauliza kama nimemaliza. Nimemaliza.

Bibi


Sydney
18 Desemba 1983

Bibi, shikamoo.

Niliusoma mwandiko kabla sijaisoma barua. Nilikaa nayo ngazini juu ya bucha mpaka mwenye nyumba akaniuliza nani amefariki.

Umesema mama hajambo mara mbili. Sikuulizi zaidi.

Kwa nini sikuja? Nilikuwa na karamu, nimevaa suti ya kuazima. Huo ndio ukweli wa kwanza. Ukweli wa pili ni kwamba niliogopa kukaa kati yenu.

Magazeti yameandika "laana ya kapteni". Moja limeandika kwamba ninatema sumu kwa lugha ya mababu zangu. Askari wa zamani wamegawanyika: wengine wanasema sinema imewapendelea Wajapani, wengine wanasema hatimaye dunia imejua. Kuna mzee alinisubiri nje ya ukumbi wa sinema akatema mate kwenye viatu vyangu. Yule nilimwelewa. Mwingine alinishika mkono akalia, akasema asante kwa kunifanya nimchukie tena. Nimetajwa kwenye tuzo. Ni kwa ajili ya sekunde zile, Bibi, wala si kwa kitu kingine.

Kuna mzee wa Kijapani hapa, Bwana Okuda, zamani alizamia lulu kule Broome, sasa ni dobi. Nilikwenda kwake kutafuta sifa. Alikuwa ameiona. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza: "Kapteni wako anasema kama mke wa mtu! Amesimama mbele ya jaji anaongea kama mwanamke jikoni!" Nikawaka uso. Kumbe kule kwao mwanamume ana usemi wake na mwanamke ana wake, na mimi nimejifunza kwa mtu mmoja tu duniani.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza mama yangu katoka wapi. Nikasema Kure. Akatikisa kichwa, akasema kuna wapagazi wa maneno na kuna wenyewe, nikamwulize mwenyewe. Nikamwambia maana yake naijua. Akasema, "Unaijua?" akarudi kwenye pasi yake.

Naijua. Ni yale aliyokuwa akiniambia tukishazima taa, kila siku ya utoto wangu. Lala mwanangu, mama yupo. Ndiyo laana yenyewe.

Nilimwambia Fenner ukweli wote. Akacheka, akasema nakala za kwenda Japani zitatiwa sauti ya mtu mwingine, na za hapa zimeshatawanyika, nani atajua? Nikasema sawa. Nilisema sawa, Bibi. Nilipaswa kusema kitu kingine.

Delys, kama wewe ndiye unamsomea, nakuomba usome polepole na yaishie hapo. Mama asiambiwe. Au aambiwe. Sijui.

Lindsay


Garrabin
15 Januari 1984

Lindsay,

Amesoma polepole. Aliposoma la mwisho mimi nilikuwa nimeshaketi sakafuni, tukahangaika kuniinua, goti hili.

Mama yako hakuhitaji kuambiwa. Ana masikio.

Sasa na mimi nitoe langu, maana umetoa lako. Nilikuandikia kwamba nilimfuata baadaye. Sikukwambia baada ya nini. Nilikuwa napiga makofi.

Jaji aliposema utanyongwa, mimi sikukuona wewe. Nilimwona Clarrie akiwa na suruali yake fupi, akienda mtoni. Halafu huyo kapteni akafungua mdomo, na wote tukajua anamtukana mwanangu, akamtukana hata na kamba shingoni, na mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Mnyongeni!" na mikono yangu ikaanza. Mimi ndiye wa kwanza, Lindsay. Ukumbi ulinifuata mimi, kwa heshima, kwa kuwa ni mama wa Clarrie. Mama yako alikuwa ameweka mikono yake juu ya mkoba. Hakuniangalia usoni. Aliangalia viganja vyangu vikipigana, kisha akajikokota kutoka kwenye kile kiti cha turubai, mwenyewe, bila mtu wa kumshika, akatoka.

Tangu siku hiyo ananipikia. Ananifulia. Nikimwita anaitika, "Ndiyo, Mama." Lakini mezani haketi, anakula amesimama jikoni. Nikisema lete kalamu tumwandikie mtoto, anasema kidole kinamuuma. Ningependa anitukane. Alby alinifundisha tusi moja la kwao, nimelisubiri, halijaja.

(Mimi Delys: na mimi nilipiga makofi, Lindsay. Nisamehe. Bibi amenikubalia niandike hivi.)

Nimepigia makofi bembelezo la mtoto wangu mwenyewe. Nimelala nalo, limenikaa hapa kifuani kama uji uliopoa.

Sasa sikia. Ukumbi unairudisha sinema sikukuu ya taifa, watu wameiomba. Nitakwenda.

Bibi


Sydney
20 Januari 1984

Bibi,

Nakuamkia, na nakuomba kwa jina la baba yangu: baki nyumbani. Usiseme kitu. Kila mmoja wetu aliyefungua mdomo amemwumiza. Mimi nilisema, wewe ukapiga makofi. Mwache.

Lindsay


Garrabin
29 Januari 1984

Lindsay, mume wangu,

Barua yako ilifika siku ya pili baada ya sikukuu. Lawama peleka posta. Delys anasema si kosa la posta, ni la treni.

Nilikwenda peke yangu. Mama yako alikuwa anapanga nguo kabatini, nikasema nakwenda kwa Bonaccorsi, akasema, "Ndiyo, Mama." Anajua ninavyodanganya.

Niliketi safu ya nyuma, kwenye benchi, kiti cha turubai kisingeniachia. Nikaingoja. Jaji akasoma, wewe ukainua uso, ukaanza. Mimi nikasimama nikapaza sauti kama naita ng'ombe:

"Anambembeleza mtoto! Anasema lala mwanangu, mama yupo!"

Gizani mtu akasema, "Keti, Myrtle!" Nikaijua sauti.

"Keti wewe, Merv, wewe na sinia lako la nyama! Hiyo si laana. Hayo ni maneno ya Kimie. Alikuwa akimlaza nayo Lindsay nyumbani kwangu, na nyinyi mnamwita Kay kwa sababu jina lake limewashinda, na mmempigia makofi akiwa ameketi mbele yenu. Na mimi nilianza!"

Kijana mmoja akacheka. Wengine hawakujua waangalie wapi, wakawa wanakuangalia wewe ukutani, unatolewa hemani na walinzi, na sidhani kuna aliyeona kitu. Bibi Stannard akalia kwa sauti. Mumewe akaja kuniwashia tochi nishuke ngazi, hakunisemesha, akaimulika mpaka barabarani. Nikajiona shujaa. Nakwambia kweli, nilitembea barabara ile nikijiona shujaa.

Habari ilikuwa imeshafika nyumbani, watoto wa Bonaccorsi wana miguu. Nilimkuta mama yako ameketi mezani. Ameketi, Lindsay. Nikafurahi.

Akasema, "Mama, umenitia aibu mara mbili. Mara ya kwanza kwa mikono, mara ya pili kwa mdomo. Kile kilikuwa kitu changu cha mwisho ambacho mji huu hauna."

Nilisimama na kofia yangu kichwani.

Akasema, "Na tena si hivyo."

"Si hivyo nini?"

"Maneno. Lindsay amekosea. Alikuwa mdogo, nilikuwa nikiyasema akasinzia, akadhani maana yake ni lala." Akayasema kwa lugha yake, kwa sauti ile uliyoitumia wewe. Halafu akanigeuzia. "Vumilia kidogo tu. Mwakani tutarudi kwetu. Ndivyo yasemavyo."

Kama punguani, nikauliza, "Kwetu wapi?"

Akaniangalia. "Kwetu, Mama."

Lindsay, chumba changu ni kile cha pili. Ukuta ni wa mbao. Niliyasikia maneno yale kila siku ya Mungu nikiwa nimejilaza upande wa pili, nikadhani ni wimbo. Nilikuwa nalala vizuri nayo. Nilikuwa namwambia Alby, mkeo ana sauti tamu.

Nikavuta kiti. Nikamwuliza aliyasema mpaka lini. Akasema mpaka ulipoanza shule. Nikamwuliza kwa nini aliacha, alipazoea hapa?

"Hapana," akasema. "Alianza kunijibu kwa Kiingereza."

Nilitaka kumshika mkono, akauondoa, akaenda kukaanga mayai. Alikaanga ya watu wawili na akaketi kuyala, lakini usidhani nimesamehewa, na usidhani na wewe umesamehewa. Nilimwuliza nikuite au nisikuite. Akasema hajawahi kuniona nikiuliza kabla. Kisha akasema chumba chako kina popo kwenye dari, itabidi mtu apande ngazi awatoe, na mimi siwezi na yeye hataki.

Hilo nimelielewa hivi: njoo.

Tuzo wakikupa usikatae, lakini usiilete hapa. Na ukifika usimwombe radhi kwa Kiingereza, Kiingereza ameshakisikia cha kumtosha. Mwulize kwa lugha yake ni wapi alikokuwa anataka kukupeleka. Sema hivyo hivyo unavyojua, kama mwanamke jikoni. Wanaume wote wa nyumba hii wamekufa, hakuna wa kukucheka.

Bibi yako,
Myrtle